Mradi wa 240Z: nguvu farasi ngapi zinanitosha?

Bodi ya Datsun 240Z imerudi kutoka kuchomelewa. Sakafu zote mbili sasa ni bati jipya, na pale chini ya betri, ambapo asidi hudondoka na kutu hupata pa kuanzia, pamekatwa na kuzibwa upya. Injini iko kwenye stendi, imefunguliwa. Kabla sijaagiza kemshafti (shafti inayofungua valvu) wala klachi, kuna swali lazima nilijibu: nataka nguvu farasi ngapi? Difu, breki, rejeta, pampu ya mafuta, hata upana wa rimu, vyote vinasubiri jibu hilo.

Kila ninayemuuliza ana namba yake, na zote zinaishia na sifuri mbili. Mwingine 300, mwingine 400. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba injini inaweza kuzitoa. Sawa, inaweza. Swali langu ni gari lenyewe litazifanyia nini.

Nianze na alichopata mwenye gari wa mwaka 1970. Injini ya L24, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa 2,393 cc, kabureta mbili, na kiwanda kilitangaza nguvu farasi 151. Namba hiyo isikudanganye. Ni ya kipimo cha zamani cha Marekani, ambapo injini ilipimwa ikiwa peke yake kwenye stendi, bila mizigo ya feni na altaneta, na ekzosi isiyoibana. Kuanzia magari ya modeli ya 1972 watengenezaji wa Marekani walihamia kipimo cha injini iliyovaa vitu vyake vyote, na namba za magari mengi zikashuka bila hata boliti moja kubadilishwa. Ukiongeza nguvu inayopotea kwenye giaboksi na difu, kama asilimia 15 hivi, kinachofika kwenye magurudumu ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Na gari hilohilo, likiwa na kilo zisizozidi sana 1,000, ndilo lililoshinda Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na ya 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Magari ya timu yaliongezewa nguvu, ni kweli, ila hayakuwa na farasi 400.

Hesabu ya kwanza niliyofanya ni ya spidi, nayo haikuchukua muda. Upinzani wa hewa unadai nguvu kwa kipeo cha tatu cha spidi. Nimetumia kigawo cha upinzani cha 0.46 hivi (sura ya 240Z ni nzuri, lakini haipenyi hewa vizuri kama inavyoonekana) na nikakadiria eneo la mbele. Kushikilia kilomita 160 kwa saa kunahitaji karibu farasi 67 kwenye magurudumu. Kilomita 200, kama 123. Kilomita 240, zaidi ya 200. Maana yake zile 40 za mwisho zinakula peke yake nguvu nyingi kuliko zilizonifikisha 160. Tena gari hili pua yake huanza kuwa nyepesi spidi ikipanda. Ndiyo maana kuna spoila za mbele na zile pua ndefu za toleo la 240ZG. Mimi sina shughuli na kilomita 240 kwa saa. Spidi ya juu nimeifuta kwenye orodha ya sababu.

Iliyobaki ni mwendo wa kuchomoka: kutoka kona, kumpita mwenzako, kupanda mlima. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu na kalamu.

Gari likiwa na mimi ndani na mafuta ya kutosha, nalihesabia kilo 1,150. Ukikanyaga, uzito unahamia nyuma. Tuseme asilimia 60 inakaa juu ya tairi za nyuma. Tairi nzuri ya barabarani, lami kavu, mshiko wa 0.9. Jibu ni kwamba tairi mbili za nyuma zinaweza kulisukuma gari kwa niutoni 6,100 hivi, basi. Chochote unachopeleka zaidi ya hapo ni moshi wa tairi. Sasa rudi nyuma kutoka kwenye tairi hadi kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Nina giaboksi ya gia tano ya 280ZX za mwanzo (gia ya kwanza 3.32, ya pili 2.08, ya tatu 1.31), difu ya 3.9 ninayopanga kuiweka (shafti inazunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja), na tairi za 205/60 za rimu ya inchi 15. Ukigawanya na kurudishia hasara ya njiani, torki (nguvu ya kuzungusha, kwa niutoni-mita, Nm) inayofikisha tairi kwenye ukomo wake ni hii: gia ya kwanza, kama Nm 170. Gia ya pili, kama Nm 275. Gia ya tatu, zaidi ya Nm 430.

Niliziangalia namba hizo kwa muda, kwa sababu ndizo zilizonijibu. Kwenye gia ya kwanza hata injini ya kiwandani, nayo ilitangazwa kuwa na karibu Nm 200, inaweza kuzungusha tairi bure. Hilo halikwepeki, na gia ya kwanza huisha upesi. Gia ninayoishi nayo kwenye kona ni ya pili na ya tatu. Nikiwa na Nm 240 mpaka 250, kwenye gia ya pili naweza kukanyaga mpaka sakafuni kwenye lami kavu na gari likaenda mbele badala ya pembeni. Nikiwa na Nm 350 za taabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), gia ya pili nayo inakuwa ya kubembeleza, mguu nusu, na mguu mzima unaanza gia ya tatu, wakati spidi imeshakuwa ya kukamatwa. Mvua ikinyesha, punguza kila kitu.

Haya ni makadirio, si sheria. Tairi pana zaidi na difu ya kujifunga zitasogeza mstari. Lakini zitausogeza kidogo, hazitaufuta.

Kuhusu hiyo difu ya 3.9: magari mengi ya gia za mkono yaliyouzwa Marekani yalikuwa na 3.36. Kuhama kutoka 3.36 kwenda 3.9 kunaongeza msukumo kwenye kila gia kwa asilimia 16, bila kugusa injini. Ni kama umeongezewa farasi 32 kwenye 200 katika kuchomoka, na unacholipa ni mizunguko kupanda kidogo kwenye safari ndefu, ambayo gia ya tano ya 0.86 inairudisha. Nashangaa watu wanaanza na taabo kabla ya kugusa difu.

Breki. Gari lilitoka na diski za mbele zisizo na matundu ya hewa katikati na dramu nyuma. Joto linaloingia kwenye breki linafuata spidi mara spidi: kusimama kutoka kilomita 200 kunazalisha joto zaidi kwa asilimia 56 kuliko kusimama kutoka 160, ingawa spidi imezidi kwa robo tu. Kwa hiyo kila farasi ninayoongeza ili nifike kwenye kona inayofuata nikiwa na spidi zaidi, breki ndiyo inayolipa. Suluhisho la wajanja wa 240Z ni kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya gia mbili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, ya miaka ya mwanzo ya 1980. Zile zenye alama ya S12+8 zinakaa kwenye nguzo za mbele za Datsun na kuibana diski ileile ya kiwandani. Zangu nimeshazipata. Nilipozijaribisha, kalipa ilikaa kwenye matundu yake bila ubishi; kilichogusa ni ile sahani ya bati ya kukinga vumbi nyuma ya diski, nikaipinda na kuikata ukingo kwa mkasi wa bati. Zinatosha kwa farasi 200. Kwa 350 ningehitaji diski zenye matundu, kalipa pana zaidi, silinda kuu nyingine ya breki, na bado sijagusa nyuma.

Basi njia zilizokuwa mezani. Ya kwanza, L28ET, injini ya taabo ya 280ZX Turbo, iliyotoka kiwandani na farasi 180 na ambayo ukiongeza presha inafika mbali kwa gharama ndogo. Ya pili, V8 (silinda nane) ya Marekani, ambayo inaingia na ina torki tele tangu chini. Ya tatu, L28 ya kawaida isiyo na taabo, 2,753 cc, ambayo ndiyo ninayo kwenye stendi.

V8 niliiacha mapema. Si mbaya, ila mtu akifungua boneti ya 240Z nataka akute silinda sita. Hiyo si hesabu, ni mapenzi, na mradi wa namna hii bila mapenzi hauna maana yoyote. Taabo ilinisumbua zaidi. Namba zake ni tamu kwenye karatasi, lakini taabo za zamani zinaleta torki yote kwa mkupuo, pale usipoitarajia. Porsche 911 Turbo ya 1975 ilikuwa na farasi 260 tu, namba ambayo leo ni ya gari la familia, na bado ilijijengea jina la kuogofya, kwa sababu nguvu ilichelewa halafu ikafika yote katikati ya kona, huku injini imening'inia nyuma ya ekseli. Datsun haina tatizo hilo la injini kukaa nyuma, lakini ina tairi zilezile za kawaida. Taabo za kisasa zimetulia sana, nakubali. Ila zinadai kompyuta ya injini, sindano za mafuta, intakula, na rejeta kubwa, na ghafla mradi wa injini umekuwa mradi wa nyaya.

Nimechagua L28 isiyo na taabo, lengo farasi 200 kwenye krenki. Labda 205. Sitalia zikiwa 190.

Hapo nikadhani nimemaliza, kumbe kemshafti ilikuwa inanisubiri. Kuna mbili nilizokuwa nazilinganisha. Ya kwanza ya wastani, farasi 200 kwenye mizunguko 6,000. Ya pili kali, 230 kwenye 7,000. Ukisoma haraka, ya pili inakupa 30 za bure. Sasa zigeuze ziwe torki: farasi 200 kwa mizunguko 6,000 ni Nm 237. Farasi 230 kwa 7,000 ni Nm 234. Ni injini moja! Msukumo kwenye kilele ni uleule; ile kali imeusogeza juu kwa mizunguko 1,000 tu, na ili iusogeze imeutoa huko chini, kati ya 2,500 na 4,000, ambako valvu zinazokaa wazi muda mrefu zinaruhusu hewa kurudi ilikotoka. Halafu krenki ndefu ya silinda sita haipendi kukaa mizunguko 7,000. Mitetemo ya kujisokota inaanza, na damper (kizuia mitetemo) ya mbele ya krenki lazima iwe ya uhakika.

Mzee anayenitengenezea silinda hedi alizitazama karatasi zote mbili, akanivulia miwani.

"Mwanangu, hii ya pili ni ya mtu anayekaa juu ya mizunguko 5,000 kutwa nzima. Ndiye wewe?"

"Hapana, mzee."

"Basi unajinunulia kelele."

Kemshafti ya wastani imeshaagizwa.

Kuna jambo la mkandamizo (injini inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara ngapi) ambalo linaamua kama nitafika 200 au nitaishia 180. Bloku yangu ni F54 yenye pistoni bapa, na hedi yake ni P79, iliyotoka kiwandani ikiwa na mkandamizo wa 8.8 kwa 1. Wengi hubadilisha wakaweka hedi ya N42, ambayo chemba zake ni ndogo na unapata zaidi ya 10 papo hapo. Tatizo ni umbo: chemba ya N42 iko wazi pande zote, mchanganyiko haubanwi pembeni, na kwenye mkandamizo huo injini huwa rahisi kugonga (mchanganyiko kulipuka ovyo) kama petroli si nzuri. P79 ina chemba iliyofungwa, inachoma kwa utulivu zaidi. Kwa hiyo nabaki nayo na kuipeleka ikakatwe uso, karibu milimita 2.

Kukata kiasi hicho kuna kazi yake. Hedi ikishuka, kemshafti inashuka nayo, cheni inalegea na taimingi inachelewa. Minara inayobeba kemshafti lazima inyanyuliwe kwa shimu zenye unene uleule uliokatwa, na mkao wa roka kwenye ncha za valvu ukaguliwe upya kwa kupaka wino na kuangalia alama inaachwa wapi. Mzee anataka shimu ziwe mkononi kabla hajawasha mashine ya kukatia. Nimeziagiza, pamoja na gasketi ya hedi. Zikifika, tutapima ujazo wa kila chemba kwa bomba la sindano na mafuta mepesi, chini ya kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kabla na baada ya kukata.