Kiwanja cha Dakika Kumi

Dalali alisema kiwanja kiko dakika kumi tu kutoka soko kuu la Tabora. Dakika kumi za nini, hakusema, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Safari ya kwenda siisimulii. Treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi, Manyoni, Itigi, vumbi na video za vichekesho mpaka kichwa kikauma. Nikafikia gesti ya elfu thelathini, feni yake inazunguka ikijisikia, maji ya kuoga yanaletwa kwa ndoo, na ukiuliza unaambiwa "umeme mdogo". Kwa bei hiyo Dar napata chumba chenye kiyoyozi na chai ya asubuhi. Tuyaache.

Kaka yangu amehamia Tabora kikazi, na akili yake yote sasa iko kwenye kununua ardhi. Tuchangishane, anasema, tupate kiwanja kilichopimwa kabla bei haijapanda. Siku ya kwenda kukiona alikuwa na kazi Sikonge, kwa hiyo nikaachiwa namba ya dalali na baraka zake.

Kabla ya kiwanja lakini, niseme habari ya mji wenyewe, maana ulinishika vibaya. Nilikuwa natoka Isevya hadi sokoni kwa miguu, na sikuwahi kujiuliza kama ni mbali. Ardhi ni tambarare. Miembe mikubwa imekaa kandokando ya barabara, wanasema mingine asili yake ni misafara ya zamani, na chini yake jua la saa saba halikukuti. Kule mtaa wa Ng'ambo nyumba ni zile za korido katikati na vyumba huku na huku, baraza inatazama njia. Barazani kuna genge la nyanya, mbele kidogo fundi cherehani, halafu mama wa maandazi, halafu wazee na bao lao. Unatumwa chumvi, unarudi na chumvi, umbea na salamu za watu sita. Na baiskeli! Mama mtu mzima kajifunga kanga, mtoto mgongoni, dumu la mafuta kwenye keria, anakupita anapiga kengele kama kawaida. Kwetu Dar mwanamke akipanda baiskeli mtaa mzima unasimama kumtazama. Hawa ni wajukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, usiwaeleze habari za kutembea.

Basi nikaona, kama ni dakika kumi, kwa nini nimpe bodaboda elfu tatu? Nikaenda kwa fundi baiskeli mmoja chini ya mwembe. Ana beseni lake la maji ya kutafutia pancha, na baiskeli mbili tatu za kukodisha. Akanitazama miguuni.

"Dada, unaijua vizuri, au unajaribu?"

"Naijua tangu nasoma."

"Elfu tano mpaka jioni. Kitambulisho kinabaki."

Elfu tano kwa Phoenix yenye breki moja! Nilibishana naye hadi elfu nne, akanijazia upepo bure, nikaona nimeshinda.

Mjini nilikwenda kwa raha. Magari yanatambaa kwa sababu watu, mbuzi na baiskeli wamejaa njia, na dereva hana namna. Nilipotokea kwenye lami pana ya kutoka nje ya mji ndipo roho ikaanza kudunda. Bango linasema 50, malori hayasomi mabango. Hakuna bega la barabara la kutosha, lami inaishia kwenye ukingo mkali halafu mtaro. Kila lori likipiga honi nyuma yangu nashuka kabisa kwenye changarawe na kusimama. Miembe ilishabaki mjini. Ukitaka kivuli huko ujifunike kanga yako.

Nilifika jasho likitiririka, muda umepita mara nne ya ule wa dalali. Yeye alikuwa ameketi juu ya pikipiki, anakunywa soda.

"Karibu sana dada yangu. Unaona palivyo tulivu?"

Tulivu ni kweli. Nyumba moja hapa yenye ukuta na geti, nyingine huko, katikati majani. Akafungua ramani kwenye simu, mita 30 kwa 40, barabara za mtaa pana kama uwanja. Hapa eneo la soko, pale shule ya msingi, pale zahanati, pale bustani ya kupumzikia. Nikainua macho. Kwenye ramani kuna soko, kwenye ardhi kuna mbigili.

Na mbigili wenyewe walikuwa wameshanipata, tairi la nyuma linalia fyuu. Dalali akalitazama kwa huruma, akasema ana mteja mwingine, akawasha pikipiki. Sijui kama alikuwa na mteja kweli.

Nilikuwa nataka kuung'oa ule mwiba mama mmoja akanipigia kelele kutoka njiani.

"Usiuchomoe, mwanangu! Ukiuchomoa upepo wote unaisha. Uache hapohapo."

Alikuwa anaisukuma baiskeli yake kuelekea mjini, ndoo imefungwa nyuma kwa mpira. Tukaongozana. Upepo uliisha vilevile, ila taratibu, na njia nzima alinipa masomo ambayo dalali hakuwa nayo.

Yeye alikuwa mpangaji Ng'ambo, akiuza vitumbua barazani. Kukicha wateja wako mlangoni, watoto wa shule, waenda sokoni, wazee wa msikitini. Mumewe akapata kiwanja, wakajenga, wakahama kwa vigelegele.

"Nyumba ni nzuri, sikufichi. Lakini huku nimuuzie nani kitumbua? Wenye magari wanapita vioo vimefungwa. Sasa nakaanga usiku, nasukuma mpaka mjini, nauza kulekule nilikotoka."

"Na watoto, mama?"

"Wa mwisho anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ikinyesha haendi."

Nikakumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kazini kwetu watu wanalipa jimu kuzitafuta. Huyu mama anazimaliza kabla ya Jumatano, na hajafurahi hata kidogo. Hapo ndipo wananiudhi wale wanaosifu kutembea bila kuuliza mtu anatembea kwa nini. Mama huyohuyo akiwa Ng'ambo alitembea pia, ila kwa hatua za kumfikisha kwa mtu. Huku anatembea kwa sababu mwenye ramani alitenga soko kwa wino akaenda zake.

Nami kwangu Kimara, Dar, si pa kujisifia. Barabara ya kwenda Kibaha imepanuliwa mpaka njia nane. Duka la dawa liko upande wa pili, bango lake nalisoma nikiwa nyumbani, na bado nalipa bodaboda kulifikia, kwa sababu kuvuka pale kwa miguu ni kuaga familia. Upande wa kwenda mjini, mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ulipoanza mwaka 2016 ulikuja na njia za miguu na za baiskeli sambamba na barabara, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Njia zipo mpaka leo. Ukipita unakutana na bodaboda anakuja mbele yako, meza ya chaja za simu, na gari limeegeshwa taa zikiwaka, mwenyewe "anarudi sasa hivi". Tabora haikupewa tuzo na mtu anapita.

Kwa fundi nilidaiwa elfu mbili ya pancha, juu ya ile elfu nne. Nilikataa, tukagawana. Akachomoa mbigili watatu, akanipangia kwenye kiganja kama ushahidi.

Jioni kaka alirudi na hamu ya habari. Nikamwambia fedha yangu siitoi kule, tutafute nyumba kuukuu Ng'ambo au Isevya, hata ikiwa ndogo, hata bati likiwa na kutu. Akacheka sana.

"Kule vichochoro tu, dada. Gari utaegesha wapi?"

"Gari gani?"

Akanyamaza, maana yeye hana, na mimi sina.