Siku moja na funguo za nyumba ya sanaa, Shela, kisiwani Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafungua mlango wa daka, kile kibaraza cha kuingilia nyumbani, na kabla hata ya chai nashika kitambaa kikavu. Kusi ikivuma, chumvi huingia hata pasipo dirisha. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, imepigwa chokaa. Fundi aliikataa saruji katakata, maana huufungia unyevu ndani mpaka ukuta ukachubuka. Nyuma ya kila fremu tumegandisha vipande vya patipati kuukuu, picha isiguse ukuta na hewa ipite.

Saa mbili. Mashua kutoka Amu, yaani Lamu mjini, imeleta kazi mpya. Vichochoroni hapa hakuna gari, ni punda na mabega, na fremu kubwa hukwama kwenye kona ya kwanza tu. Ndiyo maana kijana wetu huchora juu ya tanga kuukuu la jahazi: hulikunja kama mkeka, akalitia begani. Viraka vya mabaharia haviondoi. Kwangu mimi, viraka hivyo huishinda rangi yake mara nyingi, ila simwambii.

Saa nne, wageni wa hotelini. Mmoja kapenda picha ya jahazi linalopita mbele ya mnara wa Msikiti wa Ijumaa, ule wa mwaka 1829 ambao hakuna mchoraji afikaye Shela asiuchore. Kaacha arubuni, ataichukua kesho.

Adhuhuri tunafunga.

Saa kumi, watu wakishatoka kuswali alasiri, ndipo nyumba hupata wenyewe. Zamani majirani walipita bila kugeuza shingo; duka la Wazungu hilo, walisema. Kilichowaleta si sanaa. Tulimpa muuza kahawa nafasi kwenye daka, wazee wakafuata kahawa, watoto wakafuata wazee, wakaanza kutafuta ukutani nani kachorwa.

Leo nahodha mmoja mstaafu kasimama mbele ya lile jahazi, kikombe mkononi.

"Mwanangu, hili tanga limejaa upepo wa nyuma. Mbona bendera yapepea kurudi nyuma? Upepo gani huo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikampigia mchoraji simu.

Saa mbili na nusu usiku, baada ya isha, kaja na brashi kaigeuza bendera, huku nahodha akimsimamia. Nimemwandikia mgeni kwamba picha yake imerekebishwa na mwenye bahari. Kafurahi, kauliza kama bei imepanda. Nahodha naye anauliza fungu lake ni ngapi.