Kabla ya Drafti ya NFL: Namna Ninavyowapima Wavamizi wa Kwotabeki

Katika drafti ya mwaka 2022 ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani ambayo timu zake huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, iliyofanyika Las Vegas, Jacksonville Jaguars ndio waliokuwa na nafasi ya kuchagua wa kwanza, na mbele yao walikuwapo wavamizi wawili wa pembeni, yaani walinzi wanaomkimbilia kwotabeki, mchezaji anayerusha mpira, ambao takwimu zao zilipingana waziwazi. Aidan Hutchinson wa Michigan alikuwa ametoka katika msimu wa seki 14 (seki ni kumwangusha kwotabeki). Travon Walker wa Georgia alikuwa amemaliza miaka yake yote ya chuo akiwa na seki 9.5 kwa jumla. Jaguars walimchukua Walker, na Detroit Lions waliofuata wakamchukua Hutchinson bila kusita. Ubishi uliozuka usiku ule haujaisha mpaka leo, na naona haujaisha kwa sababu wengi wameugeuza kuwa shindano kati ya hesabu na kipaji cha mwili, ilhali swali lenye manufaa ni jingine: kila mmoja wao alikuwa akimfikiaje kwotabeki, na alifanya nini pale alipozuiwa?

Seki hupatikana pale mlinzi anapomwangusha kwotabeki nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo kabla hajarusha mpira. NFL ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982, na rekodi ya seki 22.5 kwa msimu mmoja aliyoiweka Michael Strahan mwaka 2001 ilidumu miaka ishirini kabla ya T.J. Watt kuifikia mwaka 2021. Tazama jinsi idadi hiyo ilivyo ndogo. Mvamizi anayecheza msimu mzima humwendea kwotabeki mamia ya mara, na akipata seki kumi huhesabiwa kuwa amefanya kazi nzuri. Maana yake ni kwamba tukimpima kwa seki peke yake, tunampima kwa sehemu ndogo sana ya kazi yake na kuzitupa zile mara nyingine zote. Mimi huanza na zile zinazotupwa.

Kwenye mpira huu wa vyuo tatizo hili ni kubwa zaidi. Seki moja huweza kutokana na mambo mengi yasiyomhusu mvamizi: mabeki wa nyuma wamewabana wapokeaji mpaka kwotabeki akakaa na mpira muda mrefu mno; mwenzake wa katikati ameshamvuruga kwotabeki naye akamkimbilia mikononi; au kocha amepanga mbinu ya kupishana ambayo imemwachia njia nyeupe. Kuna pia michezo ambayo mlinzi wa pembeni huachwa makusudi bila mtu wa kumzuia ili kwotabeki amsome na kuamua ampe mwenzake mpira au akimbie nao mwenyewe. Mvamizi akimwangusha kwotabeki hapo, sifa anastahili, lakini hakuna alilotuambia kuhusu uwezo wake wa kumshinda takeli, yaani yule mtu mkubwa wa pembeni anayemlinda kwotabeki. Kwa sababu hiyo mimi hutenganisha kwanza michezo yote ambamo mpira ulirushwa haraka, ile ya kuachwa wazi, na ile ya pasi za udanganyifu, kisha nabaki na ile ambamo kwotabeki alirudi nyuma kikweli, takeli alijua kwamba pasi inakuja, na wawili hao wakabaki peke yao. Timu huwa na majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, na jaribio la tatu lenye yadi nyingi za kutafuta ndilo hutoa mifano mizuri kuliko yote.

Hapo ndipo ninapoanza kuangalia mwili ukifanya kazi. Jambo la kwanza ni hatua ya kwanza. Mvamizi hapaswi kuwa wa mwisho kusogea mpira unapoanzishwa; kwa kweli hapaswi hata kwenda sawa na wenzake, bali awatangulie. Hatua hiyo ikiwa kali, takeli hulazimika kurudi nyuma kwa haraka kuliko anavyopenda, na takeli aliyekwisha kugeuza nyonga zake kuelekea pembeni ameacha njia ya ndani wazi. Jambo la pili ni kona. Mbio za mvamizi wa pembeni haziendi mstari ulionyooka. Huanzia nje ya takeli na kupinda kumwelekea kwotabeki aliye yadi kadhaa nyuma. Anayeweza kulalia kona kama mwendesha pikipiki, bega la ndani likishuka huku nyayo zikiendelea kumwelekea kwotabeki, huifupisha njia hiyo. Asiyeweza hupita nyuma ya kwotabeki kwa kasi yake yote, na watazamaji humpigia makofi kwa kasi ambayo haikuzaa kitu.

Jambo la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa, na ndilo ambalo takwimu za kawaida hazilioni: mikono, na kinachofuata mbinu ya kwanza inaposhindwa. Kwenye chuo, kijana mwenye mwili mkubwa na kasi huweza kushinda kwa miaka mitatu kwa kutumia jambo moja tu, ama kumsukuma takeli kifuani mpaka arudi nyuma, ama kumzunguka kwa nje, kwa kuwa wengi wa wanaomzuia hawatacheza NFL kamwe. Akifika ligi ya kulipwa anakutana na matakeli ambao wameshamsoma kwenye video, ambao mikono yao ni mirefu na miguu yao haibabaiki. Siku hiyo mbinu ya kwanza itazimwa, na kwa kuwa mpira kwa kawaida hutoka mkononi mwa kwotabeki katika muda usiofika sekunde tatu, hana nafasi ya kusimama na kufikiri. Jibu lazima liwe tayari mwilini: mkono wa takeli ukinyooka, aupige chini, takeli akiegemea nje, aingie ndani, akisimama wima, asukumwe. Ninapotazama video huwa najiuliza kama mvamizi huyu, katika robo ya nne, anatumia alichokionyesha kwenye robo ya kwanza ili kumdanganya mtu yule yule. Ninaowaona wakifanya hivyo wakiwa bado chuoni ni wachache, na hao nawapandisha sana kwenye orodha yangu.

Vernon Gholston ni mfano unaouma kwa wapenzi wa New York Jets. Mwaka 2007 alipata seki 14 akiwa Ohio State, na kwenye majaribio ya mwaka uliofuata alionyesha nguvu na kasi ambazo watu wachache wa uzito wake wanazo. Hesabu na saa vilikubaliana. Jets walimchagua wa sita mwaka 2008, naye akacheza misimu mitatu kwao bila kupata hata seki moja. Kwa upande wa pili yupo Terrell Suggs, aliyepata seki 24 akiwa Arizona State mwaka 2002, kisha akakimbia yadi 40 polepole kiasi cha kuwatia shaka maskauti wengi, yaani wasaka vipaji wa timu. Baltimore Ravens walimchukua wa kumi mwaka 2003, na alistaafu akiwa na seki 139. Mtu akitaka kuniambia kwamba mifano hii inathibitisha kuwa seki za chuo zinaaminika kuliko saa, au kinyume chake, nitamkumbusha kwamba Gholston alikuwa na vyote viwili. Tofauti kati yao ilikuwa kwenye namna ya kushinda: Suggs alijua kutumia mikono na kubadili mwendo, wakati Gholston alitegemea mwili.

Hata hivyo silidharau jaribio la saa. Kombaini ya Indianapolis, yale majaribio ya mwili ya kila mwaka kabla ya drafti, inanisaidia, mradi niiulize maswali inayoweza kuyajibu. Mbio za yadi 40 zenyewe hazinishughulishi sana kwa mvamizi, kwa sababu mara chache atakimbia umbali huo akimfuata kwotabeki. Yadi kumi za mwanzo ndizo zinazoeleza hatua ya kwanza. Jaribio la koni tatu, ambamo mchezaji hukata kona kali mara kadhaa, huniambia kama ile kona niliyoiona kwenye video ni uwezo halisi au ni udhaifu wa takeli aliyekuwa mbele yake. Hutchinson alilikimbia kwa sekunde 6.73, muda mzuri mno kwa mtu wa ukubwa wake, na hapo ndipo baadhi ya waliokuwa wakimwona kuwa mchezaji wa bidii tu walipaswa kubadili maneno yao.

Kuhusu urefu wa mikono, ubishi ni mkali zaidi. Hoja yenyewe ni ya kimantiki: anayemfikia mwenzake kifuani kwanza ndiye anayeongoza pambano, na takeli mwenye mikono mirefu humweka mvamizi mbali asimguse. Mikono ya Walker ilipimwa inchi 35 na nusu. Ya Hutchinson ilizidi kidogo tu inchi 32, na timu nyingi zinapenda mvamizi afikishe walau 33. Lakini naona kipimo hiki kinatueleza mvamizi atashinda kwa njia gani zaidi ya kutueleza kama atashinda. Mwenye mikono mifupi hatafaidika kwa kumnyooshea takeli mkono mmoja na kumsukuma. Itabidi aipige mikono ya takeli kabla haijamfika, na hilo hudai mwendo wa haraka na wakati sahihi. Elvis Dumervil alikuwa mfupi kuliko wavamizi karibu wote wa zama zake, na ndiyo maana, licha ya seki 20 alizopata Louisville mwaka 2005, alisubiri mpaka raundi ya nne ya drafti ya 2006. Mwaka 2009 aliongoza NFL nzima kwa seki 17. Dwight Freeney, aliyechaguliwa wa kumi na moja na Indianapolis Colts mwaka 2002, naye aliambiwa ni mfupi mno, kisha akaufanya ufupi huo na ule mzunguko wake maarufu kuwa adhabu kwa matakeli warefu wasioweza kushuka chini kwa haraka.

Seki chache nazo zina hadithi zake. Danielle Hunter alipata seki 4.5 tu katika miaka yake yote pale LSU, na Minnesota Vikings walimpata katika raundi ya tatu mwaka 2015. Tangu hapo amekuwa miongoni mwa wavamizi wanaoogopwa. Aliyetazama video zake aliona mwili wa ajabu na hatua ndefu, lakini pia mchezaji ambaye mfumo ulimtaka alinde nafasi yake kwanza, amzuie mkimbiaji, ndipo amwendee kwotabeki. Walker naye alicheza ndani ya safu ya ulinzi ya Georgia iliyotoa wachezaji watano wa raundi ya kwanza katika drafti hiyo hiyo ya 2022, ikimhamisha kutoka pembeni kwenda ndani na kugawa dakika kwa wengi. Seki chache zinapoelezeka kwa kazi aliyopewa mchezaji, sizihesabu kama dosari. Zinapotokea kwa mchezaji aliyeachiwa amwendee kwotabeki kila mara, basi hapo nina wasiwasi, hata kama amejengeka kama sanamu.

Wachezaji wa vyuo vidogo ninawatafutia mechi moja au mbili dhidi ya vyuo vikubwa, kwa kuwa hapo ndipo takeli aliye mbele yao hufanana na wale watakaokutana nao baadaye. Khalil Mack wa Buffalo aliwarahisishia kazi maskauti alipokutana na Ohio State mwaka 2013: seki 2.5 na pasi aliyoinasa na kukimbia nayo mpaka akafunga. Si wote wanaopata jukwaa la namna hiyo. Maxx Crosby wa Eastern Michigan alisubiri mpaka raundi ya nne mwaka 2019, akapata seki 10 katika msimu wake wa kwanza na Raiders. Mazoezi ya Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wanaoelekea kwenye drafti, kule Mobile, Alabama, huziba pengo hilo kwa kiasi fulani, ingawa yale mapambano ya mmoja kwa mmoja humpendelea mvamizi: hakuna msaada kwa takeli, hakuna mkimbiaji wa kumhofia, na kila mtu anajua ni pasi. Kushinda pale ni jambo la kutarajiwa. Kushindwa mara kwa mara ndiko kunakopaswa kuandikwa.

Uwezo wa kuzuia wakimbiaji ninauangalia kwa haraka, kwa sababu asiyeuweza kabisa atachezeshwa kwenye jaribio la tatu pekee, na umri nauangalia kwa sababu nyingine: kijana wa miaka 20 anayewashinda watu wa 23 ana mengi ya kukua kuliko wa 24 anayewashinda wadogo zake.

Nikirudi kwa wawili wa mwaka 2022, Walker alifikisha seki 10 au zaidi katika misimu ya 2023 na 2024, na hizo si namba za mtu aliyeshindwa. Hutchinson alikuwa na seki 7.5 katika mechi tano tu za 2024 kabla ya kuvunjika mguu. Ningemchukua Hutchinson, na si kwa ajili ya zile seki 14, bali kwa sababu alikuwa tayari na jibu la pili na la tatu takeli alipozima la kwanza, ilhali kwa Walker jibu hilo lilipaswa kufundishwa baada ya kuajiriwa.

Mwishoni mwa kila karatasi ya mchezaji naandika mstari mmoja kuhusu mahali anapopaswa kusimama uwanjani, kwa kuwa timu zenyewe hukosea hapo. Haason Reddick wa Temple alichaguliwa wa kumi na tatu na Arizona Cardinals mwaka 2017, kisha akapewa kazi ya mlinzi wa katikati, mbali na kwotabeki, na misimu yake mitatu ya kwanza ikazaa seki 7.5 kwa jumla. Mwaka 2020 walimrudisha pembeni akapata 12.5 katika msimu huo mmoja, na mwaka 2022, akiwa na Philadelphia Eagles, akafikisha 16.