Rangi Zenye Majina ya Kazi

Mbunifu ninayefanya kazi naye alinitumia mchoro wa skrini ya malipo ya programu yetu ya simu, wenye maandishi ya kijani kilichokoza, nami, kwa pupa ya mtu anayetaka kumaliza kabla ya magharibi, nikaandika namba ya rangi ile, #0B6E4F, moja kwa moja katika kila skrini. Tulipowasha mandhari ya giza, ambayo mifumo ya simu Android 10 na iOS 13 iliiingiza rasmi mwaka 2019, maandishi yakazama kwenye usuli mweusi kama jiwe majini.

Tuliketi pamoja mchana mzima, chai ikipoa mezani, tukazipa rangi majina kulingana na kazi zake: “rangi kuu”, “usuli”, “maandishi juu ya rangi kuu”. Kila jina lina thamani mbili, ya mwanga na ya giza, na jina hilohilo ndilo lililomo katika faili lake la michoro na katika msimbo wangu. Material Design, mwongozo wa Google wa kubuni mwonekano wa programu, hufuata mpango kama huu, na hapo siwezi kunung’unika.

Tulichobishania hasa ni kijivu cha maelezo madogo, alichokipenda kwa upole wake; nilipokipima, uwiano wa mwangaza kati yake na usuli mweupe ulikuwa 3.2 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kuhakikisha hata wenye ulemavu wanaweza kusoma kilichomo kwenye skrini, katika kiwango chake cha kati, AA, hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Alinuna kidogo, kisha akakikoza. Siku hizi hubadilisha thamani hizo mwenyewe, nami huijenga programu upya bila kugusa skrini hata moja.