Msokoto wa SU(3) na jinsi nilivyouona

Nilipopewa SU(3) nikokotoe kohomolojia yake, yaani hesabu ya matobo yake kwa kila dimensheni, nilishika njia ndefu. Ni kundi la matriksi za 3×3 za namba changamano, zinazohifadhi urefu wa vekta na zenye determinanti 1. Lina dimensheni 8. Nikajaribu kulieleza kwa vigeu vinane, pembe juu ya pembe. Wiki mbili zikaisha, daftari limejaa na sina hata namba moja ya Betti, yaani idadi ya matobo ya dimensheni fulani.

Kilichonifungulia njia ni kutazama safu wima ya kwanza peke yake. Safu hiyo ni vekta ya urefu 1 katika C³, nafasi ya namba changamano tatu tatu, yaani nukta ya tufe S⁵, lenye dimensheni 5. Ukishaichagua, kinachobaki ni nakala ya SU(2), kundi la namna hiyohiyo la matriksi za 2×2, na SU(2) ni tufe S³ lenyewe. Kwa hiyo juu ya kila nukta ya S⁵ imesimama S³ moja. Darasa la digrii 3, yaani tobo linaloletwa na S³, lingeweza kufutwa na kitu cha digrii 4 tu ndani ya S⁵, na humo hakuna. Jibu likatoka kwa mistari michache, kila kipeo cha t kikiwa digrii na namba iliyo mbele yake ikiwa namba ya Betti: (1+t³)(1+t⁵) = 1+t³+t⁵+t⁸. Nikakagua kwa namba ya Euler, yaani namba za Betti zikijumlishwa kwa digrii shufwa na kutolewa kwa digrii witiri: 1−1−1+1 = 0, kama inavyopasa kwa kila kundi la Lie (kundi ambalo pia ni umbo laini) kompakti, yaani lisilotawanyika hadi ukomo, lenye dimensheni zaidi ya 0.

Kwa furaha nikaandika chini yake: SU(3) = S³ × S⁵. Mwalimu wangu akaizungushia penseli ile alama ya usawa, akaniuliza, “Matobo yanalingana, sawa. Umeona wapi kwamba matufe haya hayakusokotana?”

Swali hilo lilininyima usingizi, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko hesabu yote. Kama msokoto haupo, basi kwa kila v ya S⁵ naweza kuchagua, bila kukatika popote, w na u za kukamilisha matriksi. Lakini hapo iv, w, iw, u na iu ni vekta tano zinazoligusa S⁵ kwenye v, kila moja ikiwa wima kwa nyingine. Haiwezekani: tangu 1958 inajulikana kwamba matufe yanayokubali hivyo ni S¹, S³ na S⁷ tu. Sasa, πₙ ya umbo ni kundi la njia za kuliweka tufe Sⁿ ndani yake, mbili zikihesabiwa moja kama yaweza kusogezwa bila kukatika hadi nyingine. Basi ramani ya mpaka, inayopima msokoto huo, kutoka π₅(S⁵) kwenda π₄(S³) si sifuri. Na kwa kuwa π₄(S³) ni Z/2, yenye vitu viwili tu, inafunikwa yote. π₄(SU(3)) ni 0. Ya S³ × S⁵ ni Z/2. Kohomolojia ilinihesabia nyuzi za kamba, π₄ ikahisi zilivyosokotwa.

Sasa niko kwenye G₂, kundi jingine la Lie, yenye dimensheni 14. Humo SU(3) nzima imesimama juu ya kila nukta ya S⁶, na darasa lile la digrii 5 halisalimiki tena: linaangukia mara 2 ya darasa la S⁶, likiacha Z/2 kwenye digrii 6.