Kopo Chini ya Kitanda

Januari 2013 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, nasoma biolojia. Wikiendi moja nilikwenda Mvumi kumsaidia mjomba kufyatua matofali. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri na hauna mawe, na nyuma ya zizi lake kilikuwepo kimoja kilichomzidi mtu urefu.

Bibi hakupendezwa. Alikuwa mlangoni anapepeta uwele, na kila sururu iliposhuka alinyanyua macho. "Uyoga tutachuma wapi?" aliuliza, kisha akauliza tena. Kila mwaka mvua zikishakolea, uyoga ulichomoza pale kando, wenye mzizi mrefu unaokatika kabla hujaufikia mwisho wake.

Mwisho wake niliuona siku ile. Sururu ilifungua pango, na ndani yake yamepangana madonge ya kahawia yenye matundu matundu, kama dodoki kavu. Nilishika moja. Lilikuwa jepesi, la vuguvugu, linanukia uyoga. Kwenye mikunjo yake kulikuwa na vipunje vyeupe vya duara, ungedhani mtu amemwagia uwele wa kwenye ungo wa bibi.

"Hilo ndilo ghala lao, mjomba," mjomba aliniambia.

Mimi nilijua ni shamba. Mchwa hutafuna nyasi kavu na vijiti, wakavitoa kama kinyesi kilichochanganyika na mbegu za fangasi aitwaye Termitomyces, na kinyesi hicho ndicho wanachojengea madonge. Kazi ngumu anaifanya fangasi: vimeng'enya vyake huvunja lignini na selulosi, vitu vinavyoufanya mti uwe mti. Donge likishalainika, mchwa wanalila kuanzia chini huku wenzao wanaongeza jipya juu. Ushirika huo ulianzia Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Darasani nilikuwa nimeyaandika hayo yote kwenye daftari, lakini sikuwahi kuyashika mkononi yakiwa na joto.

Niliomba donge moja. Nikaliweka kwenye kopo la plastiki, mfuniko nikautoboa kwa msumari, nikarudi nalo chuoni na kulisukuma chini ya kitanda. Nilitaka kuuona uyoga ukichipua mbele ya macho yangu. Nililinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Siku ya tatu vile vipunje vilinywea. Siku ya tano kopo zima lilijaa nyuzi nyeupe kama pamba. Wiki ya pili vikasimama vijiti vyembamba, vyeupe kwenye ncha na vyeusi kwenye shina, vigumu kama njiti za kiberiti. Termitomyces wangu hakuonekana tena. Niliumia kweli. Nililihesabu lile donge kuwa kitu hai nilichokabidhiwa, nami nimekiua.

Nikalibeba kopo hadi ofisini kwa mhadhiri wetu. Alifungua, akanusa, akavigusa vile vijiti kwa kalamu.

"Huyu ni fangasi mwingine, jamii ya Xylaria," alisema. "Hujamleta wewe. Alikuwemo humo tangu siku ya kwanza, ila mchwa walikuwa wanampalilia."

"Wanampaliliaje, madam?"

Alinivutia kiti. Saa nzima ile nisingeibadilisha na muhula mzima wa mihadhara. Alinieleza kwamba mchwa wanaondoa vipande vilivyoingiliwa, na kwamba mwilini mwao na ndani ya madonge wamo bakteria wanaotoa kemikali za kuzuia fangasi wageni, kemikali ambazo watafiti wanazichunguza wakitafuta dawa. Akanipa mfano wa siklosporini, dawa inayozuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa. Fangasi anayeitoa dawa hiyo alipatikana kwanza kwenye udongo wa Norwei, na mwaka 1996 ikabainika kuwa ni fangasi yule yule anayeshambulia mabuu ya mbawakawa. Halafu akaionyesha jinzi niliyovaa. Kupauka kwa namna ile, alisema, viwandani siku hizi hufanywa kwa selulasi, kimeng'enya cha fangasi, na fangasi maarufu wa kazi hiyo alitokana na maturubai ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yanaoza Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili.

Nilikuwa namsikiliza, lakini mawazo yangu yalikuwa nyuma ya zizi. Kile kichuguu kilikuwa kimebakiza ubavu mmoja, na kesho yake mjomba alikuwa anachoma tanuri.

Nilitoka nje ya ofisi nikapiga simu. Salio lilitosha dakika mbili.

"Shikamoo mjomba. Naomba usikimalize kichuguu."

"Marahaba. Kwa ajili ya uyoga?"

Ningeanzia wapi? "Ndiyo," nikasema, "kwa ajili ya uyoga."

"Mbona nimeshaacha," alijibu. "Bibi yako ameketi juu yake tangu juzi."