Pasi moja, oda mbili: maandalizi ya mahojiano ya Walmart

Hatimaye programu yangu ya mazoezi imekubali. Ratiba ya wiki ilikuwa grafu na miti (miundo ya data), lakini swali la stoki limekula siku zote. Sijuti. Ukienda kuhojiwa na kampuni ya rejareja yenye ukubwa wa Walmart, "imebaki moja na wawili wamebofya" ndilo swali la kulala nalo.

Fungua madirisha mawili ya psql, programu ya kuandikia amri hifadhidata ya PostgreSQL. Pasi ya nguo imebaki 1. Dirisha A: BEGIN (kufungua muamala, yaani kundi la hatua zinazokubaliwa au kufutwa pamoja), SELECT (kusoma), linasoma 1. Dirisha B nalo linasoma 1. A linaandika idadi = 0, linaingiza oda, COMMIT (kuthibitisha muamala). B linafanya yaleyale. Oda mbili, pasi moja, na hakuna kosa hata moja kwenye skrini.

Kinachokera ni kwamba jaribio lilikuwa linapita! Lilikagua kama idadi imeshuka chini ya sifuri, na hapo haishuki kamwe, maana programu ndiyo inayokokotoa 1 - 1 na kuandika jibu. Hata sharti la jedwali, CHECK (idadi >= 0) haioni kitu. Kagua hivi: vipande vilivyouzwa, ujumlishe na stoki iliyobaki, lazima upate stoki ya mwanzo.

Dawa ni mstari mmoja (sku ni namba ya kutambulisha bidhaa):

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE sku = $1 AND idadi >= 1;

Kisha tazama rekodi ngapi zimeguswa. Zikiwa 0, mzigo umeisha. Kwenye READ COMMITTED, kiwango cha kutenganisha miamala ambacho ndicho cha kawaida cha PostgreSQL, B linasubiri A limalize, halafu linapima sharti upya kwenye rekodi iliyobadilika. Ukipanda hadi REPEATABLE READ, B linapigwa kosa 40001 (miamala imegongana), na hapo unarudia muamala mzima kuanzia BEGIN, si UPDATE peke yake.

Kikapu chenye bidhaa mbili kikaja na lake. Mnunuzi mmoja kashika kufuli la rekodi ya pasi anataka la birika, mwingine kashika la birika anataka la pasi. Baada ya sekunde 1 Postgres inamtoa mmoja kwa 40P01, kosa la kukwamana. Panga SKU kabla ya kugusa chochote. Na ukitumia SELECT ... WHERE sku IN (...) FOR UPDATE, inayofunga rekodi unazosoma, weka ORDER BY sku, kwa sababu mpangilio wa orodha ndani ya IN hauhakikishi chochote.

Kwa mzigo wa majaribio, pgbench, chombo cha Postgres cha kupima mzigo, inatosha: -n -c 50 -j 4 -T 30 -f oda.sql (wateja 50 kwa sekunde 30). JMeter, chombo kikubwa cha kupima mzigo, kwa kazi hii ni kukodi lori kubeba mkate. H2, hifadhidata ya kwenye kumbukumbu, nayo usiiamini, kufuli zake si za Postgres.

Halafu malipo. Usishike kufuli huku mteja anatafuta kadi. Anayejua kusubiri STK push ya M-Pesa ataelewa. Mtengee mteja bidhaa kwa akiba yenye muda wa mwisho, dakika 10, COMMIT, ndipo uite malipo.

Nilikuwa niandike kifagio cha akiba zilizopitwa na muda, ila SKIP LOCKED, inayoruka rekodi zilizofungwa na wengine, imeniteka: kila pasi iwe rekodi yake, mnunuzi achukue moja kwa LIMIT 1 FOR UPDATE SKIP LOCKED, foleni kwisha. Tatizo, pasi ya mwisho ikiwa imeshikwa na muamala utakaofutwa, mnunuzi wa pili anaambiwa zimeisha ilhali ipo. Naijaribu usiku huu. Grafu zitasubiri.